Kuhusu Ripoti Isemayo "Hadhira: Hakuna"

Borås, Jumapili, 9 Novemba 1980

Kwa Ndugu Sten-Åke Rydholm,
Katibu wa Masomo,
Jumuiya ya Masomo ya Bonde la Viskan

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na ofisi yako yote, na kwamba dari la ofisi limeacha kuvuja. Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kushoto, ambalo nitalieleza chini ya lalamiko la kwanza.

Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba ulitutembelea katika ukumbi wa vijana wa Mtaa wa Wafumaji, kukagua tamasha letu la alasiri la muziki wa panki na wimbi jipya. Ulikaa dakika ishirini na tano. Wiki mbili baadaye nakala ya ripoti yako ilibandikwa mlangoni, nami nimeinakili yote kwa mkono wangu nisije nikakusingizia. Inasema: "Bendi: sita. Vyombo: vyema. Usafi: wa kuridhisha. Hadhira: hakuna." Chini yake inasema kwamba, kwa kuwa hakuna hadhira, kuanzia tarehe 6 Desemba ukumbi huo utapewa kikundi cha masomo ya kodiani kila Jumamosi alasiri.

Ndugu Katibu, nilikuwepo.

Nilisimama hatua nne kutoka jukwaani, upande wa kulia, palepale ninaposimama kila Jumamosi tangu Machi mwaka jana. Nilivaa koti la jeshi la marehemu babu yangu, lenye pini za nepi kumi na moja. Ulinipa mwavuli wako nikushikie, ukaniuliza, "Na wewe binti, unapiga na bendi ipi?" Nikakujibu, "Sipigi, nasikiliza." Ukacheka kwa wema, ukanipigapiga bega, ukasema, "Haya, zamu yako ikifika utaniambia." Kisha ukafungua daftari ukaandika kwamba sipo.

Siamini kuwa ulikuwa na nia mbaya. Katika mji huu kijana asiye na bendi ni kama ng'ombe asiye na mkia. Mtu humtazama mara mbili akidhani mkia uko upande wa pili. Lakini naandika kuomba Jumamosi zetu zirudishwe, na kwa kuwa haziwezi kurudi bila hadhira, sina budi kueleza jinsi hadhira ilivyokwisha, nani aliyeimaliza, na nini kifanyike. Malalamiko nimeyapanga kwa namba. Nimesoma Kilatini miaka mitatu na siwezi tena kulalamika kwa namna nyingine.

Kwanza historia, kwa ufupi. Miaka miwili iliyopita mji huu ulikuwa na bendi moja ya panki na wasikilizaji wapatao sitini. Bendi ilikuwa mbaya sana, nasi tuliipenda. Ndipo ofisi yako ikatoa tangazo: vijana wowote watatu watakaojiandikisha kuwa kikundi cha masomo watapewa chumba katika kiwanda cha zamani cha nyuzi, dramu, spika, ufunguo wao wenyewe, na kahawa na maandazi ya mdalasini, mradi wakutane mara moja kwa wiki na watie sahihi daftari la mahudhurio. Tangazo lile lilikuwa la wema, na wema huo ndio uliotumaliza. Wiki ya kwanza waliondoka watatu. Kabla ya Krismasi walikuwa wameondoka ishirini na saba. Kila Jumamosi nilikuwa nikigeuka kumtafuta mtu aliyesimama nyuma yangu, namwona yuko mbele yangu ameshika gitaa.

Leo zipo bendi kumi na tisa na mimi. Bendi isiyokuwa jukwaani huwa chumba cha nyuma, inakaza nyuzi au inagombana. Huku mbele yumo pia Yngve, mtunza ukumbi, lakini yeye huweka pamba masikioni, kwa hiyo kisheria sidhani kama anahesabika.

Sasa malalamiko.

1. Kuhusu mwili wangu.

Muziki huu una ngoma yake. Mtu huruka juu wima kama aliyekanyaga kaa la moto, na akitua humgonga jirani, na jirani humgonga jirani yake. Raha yote iko hapo. Mimi si mtu wa watu, Ndugu Katibu. Karamuni husimama karibu na makoti. Lakini katika ukumbi ule, kwa mara ya kwanza maishani, niliguswa na watu hamsini kwa mpigo na hakuna hata mmoja aliyetaka tuzungumze. Sijui kama unaweza kuelewa furaha ya namna hiyo.

Sasa naruka peke yangu, na nikitua sina wa kumgonga. Kwa miezi tisa nimekuwa nikiigonga nguzo iliyo karibu na mlango wa choo, kwa kuwa ndiyo pekee inayobaki ukumbini kuanzia bendi ya kwanza hadi ya sita. Muuguzi wa zahanati alipoliona bega langu alifunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna mtu anayenipiga. Nikamwambia ni nguzo. Akaniambia, "Wengi huanza kwa kusema hivyo, mama," akaandika kitu.

Ipo pia desturi ya kuitemea bendi mate, ambayo ni heshima ingawa haionekani hivyo. Sikuianzisha mimi. Lakini bendi sita kwa alasiri moja ni kazi ya vinywa arobaini. Jumamosi iliyopita, tulipofika bendi ya nne, nilikuwa nimekauka kabisa. Mpiga gitaa wao alikuja mpaka ukingoni mwa jukwaa, akainama, akaniuliza kwa uchungu wa kweli, "Viveka, kwani sisi tumekukosea nini?"

2. Kuhusu matusi.

Mwimbaji wa panki sharti aitukane hadhira. Ni sehemu ya kazi, kama fundi cherehani kukuambia umenenepa. Conny Frisk, mwimbaji wa bendi iitwayo Mafua, ni kijana mpole anayemsaidia bibi yake kubeba kuni, lakini akishika maikrofoni hana simile. Tarehe 18 Oktoba alipanda akafoka:

"Nyinyi kondoo! Mmelala! Runinga imewanunua wote!"

Nikatazama nyuma. Hakukuwa na mtu.

"Conny, unaniambia mimi?"

"Hapana, Viveka, Mungu apishe mbali. Nasema hadhira kwa jumla."

"Hadhira kwa jumla ni mimi."

Akafikiri. Conny hufikiri taratibu, na mpiga dramu wake alikuwa ameshahesabu nne.

"Basi tuseme mmoja wenu kalala," akasema, wakaanza.

Katikati ya wimbo wa pili kamba ya kiatu changu ilifunguka, nikachutama kuifunga. Muziki ukakatika. Niliponyanyua kichwa, wote wanne walikuwa wamesimama wakinitazama. "Usijali, dada, maliza tu," akasema mpiga besi. Wakanisubiri. Hujui aibu, Ndugu Katibu, mpaka siku uliyofunga kamba ya kiatu mbele ya bendi nzima ya panki iliyonyamaza kwa adabu.

3. Kuhusu simu za nyumbani.

Kwa kuwa tamasha bila mimi ni mazoezi, bendi zote hunipigia simu kabla ya kupanga tarehe. Mama yangu anafunga vifurushi katika ghala la maduka yanayouza kwa posta. Hurudi saa kumi na moja akiwa amechoka, na siku ya Alhamisi, tunapokula supu ya njegere, hataki kusumbuliwa. Alhamisi moja simu ililia mara tano. Ya tano aliipokea yeye.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Ni Conny. Nauliza kama Viveka ana nafasi tarehe ishirini na mbili."

"Ana kwaya."

"Viveka haimbi kwaya, mama."

"Najua. Lakini nyinyi hamjui nimechoka kiasi gani kusema hapana bila sababu."

Akakata simu, akarudi mezani, akasema, "Mwanangu, wasichana wenzako hupigiwa simu na vijana wakatembee ziwani. Wewe unapigiwa na watu wanne kwa mpigo ukasimame." Na ni kweli.

4. Kuhusu kushtakiwa kwa upendeleo.

Bendi iitwayo Foleni iliitisha mkutano, ikachagua mwenyekiti na mwandishi wa muhtasari, ikajadili, ikapiga kura, ikaniletea muhtasari wenyewe ukiwa na sahihi mbili. Kifungu cha tatu kinasema nimewapigia makofi manne ilhali Mafua niliwapigia saba. Nataka iingie katika kumbukumbu kwamba wimbo wa mwisho wa Mafua uliisha mara mbili.

5. Kuhusu Pernilla.

Lalamiko hili nililifuta, nikaliandika tena, nikalifuta. Sasa nimeliandika kwa kalamu ya wino.

Pernilla Kvist nimekaa naye dawati moja tangu tulipokuwa na miaka saba. Tulipoanza kuja ukumbini, yeye alisimama kushoto kwangu. Hatukuwa tukisemezana. Wimbo ukiwa mzuri alinikanyaga mguu, ukiwa mbaya sana alinikanyaga zaidi. Alikuwa wa mwisho kuondoka. Mwezi Februari bendi iitwayo Jokofu la Jirani ilipungukiwa mpiga besi, akaja nyumbani amevaa besi mgongoni kama mtu aliyebeba ubao wa kupigia nguo pasi, akasema, "Ni ya muda tu." Mwezi Agosti akarudi na jambo la pili.

"Njoo upande nasi. Tunahitaji mtu wa sauti."

"Sitaki."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Mimi nasikiliza."

"Acha kujifanya mtawa, we Viveka! Hata yule kijana wa duka la samaki ana bendi, na hana hata sikio la kusikia bei."

"Nikipanda, nani atasikiliza?"

Akaniuliza bila mzaha hata kidogo, "Kwani lazima asikilize mtu?"

Niliona amekuwa kama mpishi anayeuliza kama ni lazima chakula kiliwe. Sikumjibu vizuri. Nilimwambia kwamba besi yake iko nyuma kidogo ya dramu kila wanapofika kwenye kiitikio, na kwamba ndiyo maana wimbo wao unachechemea. Akasema, "Hakuna mtu anayesikia kitu kama hicho." Tangu siku hiyo hatujazungumza, isipokuwa yeye akiwa jukwaani nami nikiwa sakafuni, jambo ambalo si mazungumzo.

Simlaumu Pernilla. Nailaumu ofisi iliyompa ufunguo.

6. Kuhusu usawa wa elimu.

Nchi yetu inaamini kwamba watu wazima watatu wakiketi pamoja mezani na termosi ya kahawa, wanasoma. Katika orodha yenu ya msimu huu nimeona vikundi vya kutengeneza chambo cha kuvulia samaki, kupaka rangi sahani, historia ya kuacha pombe, na kumfundisha mbwa asiogope lifti. Sina ugomvi na mbwa. Lakini anayepiga gitaa vibaya kwa saa mbili huandikwa kuwa mwanafunzi, na anayemsikiliza kwa saa hizohizo mbili, akisimama, huandikwa "hakuna".

Mwezi Septemba nilijaza fomu yenu ya njano kuomba kikundi kipya: "Kusikiliza, hatua ya kwanza." Fomu ilirudishwa ikiwa na muhuri: washiriki hawatoshi, wanatakiwa watatu. Nikaandika kueleza kwamba kama mji ungekuwa na wasikilizaji watatu nisingekuwa na la kulalamikia. Mkanijibu kwa kunitumia kijitabu chenye picha, kiitwacho "Anzisha Bendi Yako".

Baada ya kuyaeleza hayo, naleta maombi yangu. Nimeyapanga kuanzia lililo jepesi, ili ukikataa moja usiwe na haraka ya kukataa linalofuata.

(a) Ripoti irekebishwe isomeke: "Hadhira: mtu mmoja." Ikiwezekana, jina langu liwekwe.

(b) Uandikishaji wa bendi mpya usimamishwe mara moja. Anayetaka kuanzisha bendi alete kwanza uthibitisho wa saa arobaini za kusikiliza kwa kusimama, uliotiwa sahihi na shahidi. Kwa sasa shahidi pekee mwenye sifa ni mimi, na sitasaini ovyo.

(c) Kila bendi iliyopo itoe mtu mmoja kila Jumamosi ashuke sakafuni awe hadhira. Napendekeza waanze wapiga besi. Mwezi Mei Pernilla alipiga wimbo mzima spika yake ikiwa imezimwa, na baadaye akakiri kwamba hakuna aliyegundua, hata yeye mwenyewe. Mimi niligundua. Sikusema.

(d) Ikiwa bendi zitagoma, liombwe jeshi. Kambi iko kilomita chache tu kutoka ukumbini. Kila mwaka vijana mamia huitwa huko kulitumikia taifa, na kazi yao kubwa, kwa ushahidi wa binamu yangu Torgny, ni kusimama. Wana mabuti mazito. Wana nywele fupi. Wamezoea kutukanwa kwa jumla. Sijui hadhira nyingine katika nchi hii iliyoandaliwa vizuri kuliko hiyo, na hainiingii akilini kwamba mpaka leo hakuna aliyeifikiria.

(e) Ikiwa jeshi lina shughuli, basi kikundi cha kodiani kitugawie. Nilikwenda kuwaona Jumapili iliyopita, siku wanayoutumia ukumbi huuhuu. Wana wasikilizaji themanini! Themanini, Ndugu Katibu, wote wamekaa, wana mablanketi magotini na pipi za mnanaa zinazopitishwa kutoka safu hadi safu. Sisemi kodiani ni mbaya. Nasema mpiga kodiani mmoja hawezi kuhitaji macho mia na sitini. Tunaomba thelathini tu. Tutachukua hata wanaosinzia, maana hapo Conny atakuwa anasema kweli.

(f) Ikiwa yote hayo yatashindikana, naomba ofisi yako iwasilishe hoja ngazi za juu, itungwe sheria kwamba kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na sita asikilize saa mbili kwa wiki kitu kilichofanywa na mtu anayeishi karibu naye. Usiseme haiwezekani. Mwaka 1967, nilipokuwa na miaka sita, nilisimama kwenye kiti dirishani nikaona nchi nzima ikihamisha magari yake yote kutoka kushoto mwa barabara kwenda kulia kwa asubuhi moja, bila mtu kupiga kelele. Nchi iliyoweza hilo haiwezi kushindwa kuwahamisha watu kumi na tisa kutoka jukwaani kwenda sakafuni.

Huenda unajiuliza kwa nini msichana mwenye akili timamu anajisumbua hivi. Nitakuambia jambo moja tu, kisha nifunge.

Katika zile dakika ishirini na tano ulizokaa nasi, Mafua waliimba wimbo mpya. Wewe ulikuwa umeinamia radieta inayopasha ukumbi joto, ukiipima, na nakiri radieta ile ina matatizo. Ulikuwa wimbo kuhusu baba yake Conny, ambaye amefanya kazi kiwandani miaka ishirini na sita na mwezi Septemba alipewa saa ya mkononi akaambiwa asirudi. Conny huwa hafiki noti za juu. Siku ile hakuzifikia za chini pia. Katika ubeti wa mwisho sauti ilimkatika, akasimama tu, mdomo wazi, na wenzake wakaendelea kupiga wakiangalia viatu vyao kwa sababu hawakujua la kufanya. Kisha akaumalizia ule ubeti kwa kuusema, polepole, kama anayesoma anwani.

Chumba cha nyuma hawakusikia, walikuwa wanagombania waya. Yngve alikuwa na pamba zake. Wewe ulikuwa na radieta. Kama nisingekuwepo, Ndugu Katibu, jambo lile lingekuwa limetokea wapi?

Ndiyo maana sikubali kuandikwa "hakuna". Na ndiyo maana naomba, kwa heshima zote na kwa mara ya mwisho kabla sijaandika kwa mkubwa wako, kwamba Jumamosi zisichukuliwe, bendi mpya zisiruhusiwe, na wananchi washushwe jukwaani, kwa hiari au kwa sheria.

Nisalimie ofisi nzima: yule mama wa mapokezi aliyenipa fomu ya pili bila kuuliza ya kwanza imekwenda wapi, yule bwana wa muhuri, ambaye hana kosa, muhuri ndio wenye kosa, na anayepika kahawa, ambayo bendi zote kumi na tisa husema ni nzuri ingawa mimi sijawahi kuionja. Nisalimie kikundi cha kodiani na mabibi na mababu wao themanini. Mwavuli wako bado ninao, ni mzima.

Ndimi niliyekuwa upande wa kulia,

Viveka Ljungdal

Tanbihi. Jumatano, 19 Novemba.

Barua hii haikutumwa siku ile kwa sababu niliona ni vyema kwanza nitafute sahihi mbili ili nitimize watu watatu. Sikutegemea kuzipata.

Ya kwanza ni ya Yngve. Nilimkuta anafagia ukumbi, nikampa karatasi, akatia sahihi papo hapo. Nikamuuliza, na zile pamba? Akasema, "Pamba ni za bendi mbili za kwanza, binti. Zikishapita hizo natoa. Yule kijana mwenye wimbo wa baba yake wa kiwandani aliniliza." Ya pili ni ya Bi Ragnhild Sandahl, mfumaji mstaafu, aliyekuja saa nzima mapema kuwahi kiti cha kodiani, akakuta Foleni wanafanya mazoezi. Nilimwomba radhi kwa kelele. Akanishangaa. "Miaka thelathini na minane ukumbi wa mitambo ya kufumia, mwanangu. Ile ndiyo kelele. Hapa mpaka maneno nayasikia. Ni ya kijinga, lakini nayasikia."

Kwa hiyo kisheria tulitimia. Tulifanya kipindi cha kwanza cha Kusikiliza Jumanne iliyopita. Tulitia sahihi daftari, tukanywa kahawa ya Yngve, tukakaa. Hapo tukagundua kwamba Jumanne hakuna bendi inayopiga na hatuna cha kusikiliza. Tulivumilia dakika arobaini. Kisha Yngve akaenda kabatini akatoa kodiani yake, ili walau somo liendelee, na Bi Ragnhild akaanza kupiga meza kwa viganja, mwendo uleule wa mitambo yake ya zamani, ambao ni wa kasi kuliko bendi yoyote ya mji huu na haukosei hata nukta. Mimi nilikuwa nawasomea fomu ya njano ili tuijaze. Bi Ragnhild akasema, "Soma tena, lakini kasirika." Nikasoma tena. Jana ilikuwa kipindi cha pili, na fomu sasa ina kiitikio.

Kwa hiyo tafadhali usishughulikie maombi kuanzia (b) hadi (f), hasa (b). Tunaomba chumba katika kiwanda cha nyuzi, dramu moja (meza imepasuka), na kile kijitabu chenye picha, kwa kuwa changu nilikichana.

Tumepangiwa Jumamosi ya tarehe 29, saa tisa na nusu alasiri. Bendi nyingine zote zitakuwa chumba cha nyuma. Pernilla (tumezungumza, kwa kifupi) ameahidi kujaribu kutoka, lakini wao wanafuata baada yetu na atakuwa anakaza nyuzi. Naomba sana uje wewe. Wimbo wetu ni mmoja, wa dakika nne. Simama katikati ya ukumbi, si pembeni, ili sote watatu tukuone.